Wanamichezo Wetu Tuwaite Wangali Hai

Ndugu zangu wa Buigiri, ingieni katika ofisi ya mkuu wa shule yoyote ya sekondari wilayani kwetu Chamwino, mtazame ukutani. Aghalabu mtakuta picha ya Rais, picha ya Baba wa Taifa, ratiba ya vipindi na jedwali la matokeo ya kidato cha nne, daraja la kwanza hadi sifuri. Pengine juu ya kabati lipo kombe lililoshika vumbi. Ulizeni lilipatikana mwaka gani, nani alikimbia, nani alirusha mkuki, nani alidaka kwenye netiboli. Mara nyingi mtajibiwa kwamba aliyepo kahamia juzi na kombe kalikuta.

Mwalimu hana lawama. Yeye ni mtumishi, akipata barua ya uhamisho anafungasha. Wanaobaki ni sisi: wazazi, wahitimu, wajumbe wa bodi, wazee wa kanisa na wa mtaa. Jina la kijana aliyekimbia pekupeku kwenye uwanja wa vumbi akaipeleka shule yake mkoani lilikuwa amana mikononi mwetu. Hatukuliandika popote. Leo kijana huyo ni baba wa makamo anayelima zabibu au uwele, na mwanawe anasoma shule ile ile bila kujua kwamba baba yake aliwahi kushangiliwa pale.

Ninachotaka kusema ni hiki: kila shule yetu iwe na daftari la wanamichezo wake wa zamani, na wanamichezo hao waitwe mbele ya wanafunzi wangali hai. Heshima ya kusomewa kaburini tunaijua, nayo haimfundishi mtoto kukimbia.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili. Iten ni mji mdogo wa Kenya, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mita zipatazo 2,400 kutoka usawa wa bahari. Pale ipo sekondari ya wavulana ya Mtakatifu Patrick. Katika viwanja vyake imepandwa miti kwa heshima ya wanafunzi wa zamani waliofikia ubingwa wa dunia na medali za Olimpiki. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, alisoma hapo. Matthew Birir, bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, alisoma hapo. Wilson Kipketer, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.11 mwaka 1997 akiwa chini ya bendera ya Denmark, naye ni wa hapo. Na mlezi wa vipaji hivyo kwa miaka mingi, Bruda Colm O'Connell, alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia. Riadha alijifunzia kazini. Fikirini mtoto wa kidato cha kwanza anayepita chini ya miti hiyo kila asubuhi akienda darasani. Kwake bingwa ni kaka aliyelala bweni lile lile na kula ugali wa jiko lile lile.

Sasa sikilizeni jambo linalotugusa sisi wenyewe. Mwanafunzi mwingine wa zamani wa shule hiyo, Ibrahim Hussein, alishinda marathoni ya Boston mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Aliyemfuata kwa sekunde moja tu, saa 2:08:44 kwa 2:08:43, alikuwa Juma Ikangaa, Mtanzania aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957. Ikangaa alirudi Boston mwaka 1989 akawa wa pili, akarudi 1990 akawa wa pili tena. Katikati ya hapo, Novemba 1989, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01 na kuweka rekodi ya njia ile. Mtu aliyekosa ushindi kwa sekunde moja akarudi tena na tena ana jambo la kumfundisha kila mtoto anayerudia mtihani. Je, wanafunzi wetu wanaokaa ndani ya mkoa aliozaliwa wanalijua jina lake? Waulizeni jioni hii nyumbani, kisha tazameni nyuso zao.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba Dodoma haina mwinuko wa Iten wala baridi ya Mbulu. Ni kweli. Uwanda wetu uko mita elfu moja na kitu, na jua lake tunalijua. Lakini Alphonce Simbu, aliyeiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, kwa marathoni ya Tokyo Septemba 2025, ni mzaliwa wa Singida, jirani zetu wa uwanda huu huu wa kati. Aliondoka akaenda kufanya mazoezi nyanda za juu za Arusha, kama wengi wanavyolazimika kuondoka. Basi ikiwa wenye vipaji lazima watuache, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuyaandika majina yao kabla hawajapanda basi. Mji unaouza watu wake nje bila kuandika jina hata moja utaamini mwishowe kwamba haujawahi kuzaa mtu.

Watasema pia kwamba wanamichezo wetu hawakufika Olimpiki; wengi waliishia UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ya wilaya au ya mkoa, kwa nini tuwafanyie sherehe? Nami nauliza: mkimbiaji wetu wa marathoni John Stephen Akhwari alipata medali gani katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968? Hakupata. Alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, katika mbio ambazo wakimbiaji 18 walikuwa wamejitoa njiani. Taifa lilimheshimu kwa sababu alimaliza. Msichana aliyeteka maji alfajiri, akafagia darasa, akasoma hadi saa nane na bado akafanya mazoezi mpaka akaiwakilisha wilaya, huyo amemaliza mbio ambazo wengi wetu tusingezianza.

Nawataja wasichana kwa makusudi. Mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika yote huko Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akapata medali ya fedha. Taifa lilikuwa changa na mwanamke ndiye aliyelivalisha medali. Wasichana wangapi wanaoshika mkuki leo wamesimuliwa habari zake? Majina ya wanawake hupotea mapema kuliko ya wanaume, kwa sababu huolewa, huhama, hubadili majina, na hakuna anayewafuatilia. Daftari la shule lianze na hao.

Na lipo jambo ambalo Buigiri, kuliko mahali pengine popote nchini, haina ruhusa ya kulisahau. Shule ya kwanza ya watoto wasioona katika Tanganyika ilifunguliwa hapa, na Kanisa la Anglikana, mwaka 1950. Miaka yote hii watoto wamekuja kutoka mikoa ya mbali kusoma nukta nundu kwetu. Je, tuliwahi kuwahesabu kuwa wanamichezo? Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 2000, katika Paralimpiki ya Sydney, alikuwa akiongoza mbio za mita 5,000 na mwongozaji wake akaishiwa nguvu karibu na mwisho. Wanyoike alimvuta mwongozaji hadi kwenye utepe, akatwaa dhahabu. Asiyeona alimfikisha anayeona! Mtoto wa Buigiri anayejua habari hiyo hatakubali tena kukalishwa kivulini wakati wenzake wanakimbia. Kinachotakiwa ni kamba fupi mkononi, mwenzake mwenye pumzi, na mwalimu anayeamini. Tena wahitimu wa shule yetu ya wasioona waliojaribu michezo wanastahili ukurasa wao katika daftari, wenye uzito ule ule.

Wengine huogopa kwamba michezo itawala muda wa masomo. Mtanzania mwenzetu Suleiman Nyambui alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya medali yake ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mwenzake Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch Februari 1974 na kupata medali yake ya fedha Moscow katika kuruka viunzi na maji, baadaye alijenga shule. Hofu hiyo haina mashiko, nami sitakaa nayo zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Daftari moja gumu. Vijana wa kidato cha tatu watumwe nyumba kwa nyumba, Buigiri na vijiji vya jirani, wawahoji wazee: ulisoma mwaka gani, mchezo gani, mlimshinda nani, mwalimu wenu wa michezo alikuwa nani. Picha za zamani zipigwe tena kwa simu kabla mchwa hawajazimaliza. Ubao wa mbao upakwe rangi, uandikwe majina na miaka, utundikwe pale wanafunzi wanapokusanyika asubuhi, nje ya ofisi. Wala Ugogo haujapungukiwa na waimbaji; akina mama wa ngoma ya muheme na vijana wapiga zeze wapewe majina hayo, watayatia katika nyimbo kwa ufundi ambao mimi sina.

Na kwenye mahafali yajayo ya kidato cha nne, mgeni rasmi asitafutwe mjini. Aalikwe mmoja wa waliokimbia kwa niaba ya shule yenyewe zamani, mkulima au muuza duka, apelekewe barua yenye mhuri, akalishwe kiti cha mbele na kupewa nafasi ya kuhutubia. Bodi ya shule hukutana kabla ya mahafali kupanga ratiba. Wazazi wenye wajumbe katika bodi hiyo wapelekeeni hoja hii kwa maandishi, pamoja na majina matatu ya kuanzia.