Baba Aache Shamba Akiwa na Miaka Mingapi?

Liko swali ambalo jamaa nyingi za wakulima huogopa kuliuliza: baba amwachie mwana shamba wakati gani? Huko Ulaya serikali zilijaribu kulijibu kwa kutaja umri.

Mwaka 1972 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliagiza kwamba mkulima wa miaka 55 hadi 65 akiacha kazi aweze kupewa fedha za kumtunza. Sheria ya mwaka 1999 ilieleza zaidi. Mwenye kuacha shamba awe ametimiza miaka 55, asiwe bado amefikia umri wa kawaida wa pensheni, na awe amelima kwa miaka 10 iliyotangulia. Akikubaliwa, aliweza kupata hadi euro 15,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka 15, wala asilipwe baada ya kutimiza miaka 75. Naye alipaswa kuacha kabisa kulima kwa ajili ya biashara. Ila nyumba aliyokaa, na kulima kidogo kwa chakula chake, hakunyang'anywa.

Mipaka hiyo ina maana. Ule wa chini humzuia mwenye nguvu asikae bure kwa fedha za watu wote. Ule wa juu husema: pensheni ya uzee ikifika, msaada wa njiani hauhitajiwi tena.

Lakini hesabu ya miaka haina macho. Mtu wa miaka 54 ambaye mgongo wake umekwisha kwa kazi huambiwa angoje. Mwenzake aliyesitasita mpaka umri wa pensheni huambiwa amechelewa. Tena mlango wenyewe waweza kufungwa: nchini Ayalandi, Oktoba 2008, maombi mapya yalikoma kupokewa. Aliyekuwa akihesabu miezi yake akaachwa nje.

Sheria ile ilimdai mrithi pia: awe na ujuzi wa kutosha, akubali kulima si chini ya miaka 5. Hapo ndipo tunapoona hekima yake. Ujuzi haupatikani siku ya kutia sahihi. Basi, ninyi akina baba, msingoje serikali iwatajie siku. Mpeni mwana sehemu ya shamba aitunze angali kijana, nanyi mngali na nguvu za kumrekebisha. Nanyi vijana, msihesabu miaka ya baba zenu. Hesabuni kazi mliyokwisha kujifunza kwao.