Kilo ya Paris na mizani ya Naipingo

Tangu Mei 20, 2019 kilo haitegemei tena kipande cha chuma. Kuanzia mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa mche wa platinamu na iridiamu uliofungiwa Sèvres, karibu na Paris, Ufaransa. Wataalamu waligundua kuwa mche huo na nakala zake umepishana kwa takriban sehemu 50 za milioni moja ya gramu katika miaka 100. Kwao hilo lilikuwa jambo zito. Novemba 2018 mataifa yalikutana Versailles, yakakubaliana kilo itokane na namba ya Planck, ambayo haichakai wala haiibiwi, na ambayo ilipimwa kwa mizani ya umeme inayotegemea fizikia ya kwantumu.

Mkulima wa korosho wa Naipingo, wilayani Nachingwea, anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu. Kilo hiyo hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka maabara kubwa hadi mawe ya taifa, kisha mawe ya Wakala wa Vipimo, na mwisho mizani ya chama cha msingi.

Huku chini tofauti haihesabiwi kwa sehemu za milioni. Mizani ikipunja nusu kilo tu kwa kila gunia, mwenye magunia 40 kaondokewa na kilo 20. Aliyeuza kwa kangomba, kwa bakuli badala ya mizani, hajui hata alichopoteza!

Liko pia suala la unyaufu. Korosho ikikaa ghalani hupoteza maji, na uzito hupungua; hiyo ni asili. Lakini katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho msimu wa 2007/08, mzigo hupimwa kijijini na kupimwa tena ghala kuu. Namba zikipishana, nani atatofautisha unyaufu na wizi kama kijijini hakuna kipima unyevu wala mizani ya kuaminika?

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe. Wanachama wa Nachingwea na Ruangwa wasione haya kuuliza stika ya mwaka huu iko wapi kabla gunia la kwanza halijapandishwa. Chama kiwe na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, liwekwe mizanini kila asubuhi mbele ya wote. Msimu wa ufuta na mbaazi nao ufanyiwe hivyo hivyo, maana mizani ni ile ile.