Ukuta Hauna Mnunuzi wa Pili

Imezoeleka visiwani na katika mwambao mzima kwamba mchoraji akiitwa kupamba ukuta wa hoteli, wa skuli au wa mkahawa, neno la bei huwa la mwisho kusemwa. Hutangulia sifa, zikafuata kahawa na ahadi; ukuta ukaonyeshwa, rangi ikanunuliwa, kazi ikaanza. Siku mchoraji anapoteremka ngazini, mikono imejaa rangi, ndipo mwenye ukuta anapouliza: "Haya fundi, tukupe ngapi?" Swali hilo lina sura ya ukarimu. Kwa hakika ni hukumu iliyokwisha kutolewa, maana anayeulizwa hana tena cha kushikilia.

Hapa ndipo mchoro wa ukutani unapotengana na picha nyingine zote. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na picha zake zikauzwa Oyster Bay, Dar es Salaam. Picha ya namna hiyo, mpita njia akitaka kuipunja, hukataliwa. Ikabaki ilipo kumngoja mwingine. Mchoro wa ukutani haungoji. Haubebeki, hautundikwi kwingine, wala haurudi nyumbani na aliyeuchora. Tangu brashi ya kwanza kugusa chokaa, una mnunuzi mmoja tu duniani, naye ni mwenye ukuta. Kwa hiyo nguvu yote ya mchoraji katika mapatano iko kabla ya rangi. Baada ya rangi hubaki na nguvu ya kuomba, na kuomba si biashara.

Wapo wanaodai kwamba sanaa haina bei, na kwamba msanii anayetanguliza fedha ana tamaa. La kushangaza ni kwamba madai hayo hutolewa zaidi na wale ambao chumba chenye mchoro hukikodisha kwa bei ya juu kuliko chumba kitupu, na picha ya ukuta huo wakaichapisha kwenye kila tangazo lao. Kwao sanaa haina bei inaponunuliwa, inapouzwa, inayo. Nyumba za kale za Lamu na Pate zina zidaka zilizochongwa katika plasta ya chokaa, ufundi uliostawi katika karne ya 18. Nani atakayesema kwamba mikono iliyochonga maua yale ililishwa kwa sifa? Aidha, watu wa mwambao wamesomeshwa tangu chuoni kwamba katika ijara ujira sharti ujulikane kabla ya kazi, na kwamba mwajiriwa hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Anayeona haya kutaja ujira wake mapema hafuati adabu ya wazee, anaivunja.

Kundi la pili halikatai kulipa, ila lina kipimo chake. Hilo huuliza: "Mita moja ya mraba kiasi gani?" Kipimo hicho ni halali kwa fundi anayepaka ukuta mzima rangi moja. Kwa mchoraji ni mtego. Wapenzi wa ushairi watalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Shairi la beti 5, kila ubeti mishororo 4, kila mshororo mizani 16, lina mizani 320, liwe la malenga au la mtoto anayejifunza kuhesabu vina. Hakuna mwenye akili anayempa mtunzi senti kadhaa kwa kila mizani akadhani amelipia shairi. Vipi basi ukuta ulipiwe kwa upana wake, kana kwamba uso wa bibi anayesuka ukili na anga tupu lililo juu yake ni kazi sawa kwa kuwa vimejaza nafasi sawa?

Hesabu yenyewe si ngumu. Inataka ujasiri tu. Chukua mfano wa kubuni. Mchoraji ana familia, na mahitaji yake ya mwaka, kodi na matibabu ndani yake, ni shilingi 12,000,000. Katika mwaka huo hapati kazi kila siku: kuna siku za kutafuta wateja, za mvua, za ugonjwa, za kungoja majibu yasiyokuja. Zikipatikana siku 100 za kulipwa, kila siku moja lazima ilete 120,000. Sasa anaitwa kuchora ukuta wa mita 4 kwa 3. Kuandaa rasimu ni siku 3, kuutengeneza ukuta siku 2, kuchora siku 9: jumla siku 14, yaani 1,680,000. Rangi, chokaa, brashi, kukodi jukwaa na nauli ya boti ni 700,000. Msaidizi wa siku 8, kwa 30,000 kila siku, ni 240,000. Hiyo ni 2,620,000. Akiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya yasiyotarajiwa, inafika 2,882,000.

Mwenye ukuta anayepima kwa mita anasema: "Nitakupa 60,000 kwa mita, nawe una mita 12." Hiyo ni 720,000. Toa vifaa, toa ujira wa msaidizi, na mchoraji amekwisha kutoa 220,000 mfukoni mwake, baada ya siku 14 za jua, ili apate heshima ya kufanya kazi. Kisha huambiwa ashukuru, kwani "utajulikana". Naam, atajulikana: kila mwenye ukuta katika mji atamjua kuwa ndiye anayechora kwa hasara.

Isitoshe, ukuta wa mwambao una madai yake. Kuta za matumbawe na chokaa zataka kupumua. Zikifunikwa kwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na rangi huvimba ikabanduka. Mchoraji asiyelipwa siku za kuuandaa ukuta ataziruka, na mchoro utachakaa kabla ya wakati wake. Tena Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ule wa Lamu tangu 2001. Sura ya nje ya jengo huko si ya kubadilishwa kwa matakwa ya mwenye nyumba peke yake. Kufuatilia kibali nako ni kazi, na kazi ina siku zake.

Bei haitoshi bila waraka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waraka wa ukurasa mmoja watosha: mchoro ni upi, utakwisha lini, rasimu itabadilishwa mara ngapi bila malipo ya ziada. Arbuni ya theluthi moja itolewe kabla ya rasimu, theluthi ya pili kabla ya brashi ya kwanza, na ya mwisho kazi ikikamilika. Iandikwe pia nani ana haki ya kuichapisha picha ya mchoro huo kwenye kanga, kalenda na matangazo. Hili si dogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mapatano yaseme vingine. Mchoraji anayenyamaza ametoa zaidi ya ukuta.

Iandikwe mwisho hatima ya mchoro. Mwaka 1933 Diego Rivera wa Meksiko alisimamishwa kazi katika jengo la Rockefeller Center, New York, kwa kuwa aliitia sura ya Lenin katika mchoro wake. Alilipwa dola 21,000 zote za mapatano, na mwaka 1934 mchoro ukavunjwavunjwa. Fedha ilimfikia, kazi haikuokoka. Katika mji huohuo, michoro ya jengo lililoitwa 5Pointz ilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja wa mwaka 2013. Safari hii ilikuwapo sheria ya mwaka 1990 inayozilinda kazi za sanaa, na mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Tofauti ya visa hivyo viwili haiko katika ubora wa rangi. Iko katika maandishi yaliyokuwapo kabla ya ugomvi.

Watajibu wengine kwamba mchoraji atakayetaja bei kamili atakosa kazi, maana yupo kijana atakayekubali nusu. Ni kweli, kazi nyingine zitamkosa. Lakini mteja mwenye fedha kidogo hupunguziwa kazi, hapunguziwi bei: ukuta mdogo zaidi, rangi chache, umbo jepesi. Na ikiwa ukuta ni wa madrasa au wa wodi ya watoto, na mchoraji ataka kutoa, na atoe. Ila aandike bei yote kwanza, kisha aandike chini yake kwamba ameisamehe. Sadaka ni ya mwenye kutoa kwa hiari. Kinachochukuliwa kwa aliyeona haya kusema si sadaka, ni dhuluma iliyovishwa kanzu.

Basi mwenye ukuta na aulize bei kabla ya kuagiza kahawa, na mchoraji aijibu kwa tarakimu, mikono yake ikiwa bado mikavu.