MAONI: Kupandisha ralanti si kutengeneza gari

Asubuhi, mahali taksi zinaposubiri abiria katikati ya mji wa Kalemie, magari mengi yanajulikana kwa sauti kabla ya kuonekana. Motere inatetemeka, kioo cha pembeni kinatikisika, na shofere ameacha mguu juu ya akselereta hata kama hakuna abiria aliyepanda, kwa sababu anajua akiutoa tu gari litazimika. Mengi ya magari hayo ni Toyota za miaka ya 1990, zilizotumika kwanza kwa wenzetu wa mbali, kisha zikavuka ziwa kutoka Kigoma au zikapanda barabara ya Lubumbashi. Umri wao si siri, na hakuna haki ya kumlaumu mwenye taksi kwa kununua gari aliloweza kulipa. Kinachostahili lawama ni namna ugonjwa huu unavyotibiwa katika magaraji mengi ya mji.

Tiba yenyewe ni ya dakika mbili. Fundi anachukua turnevisi, anazungusha visi ya ralanti, motere inapanda hadi mizunguko 1,200 au zaidi kwa dakika, kutetemeka kunapungua, mteja anafurahi na kulipa. Lakini motere nyingi za aina hiyo zimetengenezwa zitulie kwenye mizunguko kati ya 700 na 850. Kuzilazimisha kukimbia wakati gari limesimama ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa: homa inashuka, mdudu anabaki. Esansi inakwisha mapema kuliko kawaida, na baada ya wiki chache gari linarudi kwa fundi yuleyule, safari hii kwa kununua buji mpya, halafu bobini, halafu kabiratere ya okazioni. Kila piyesi inalipiwa, na ugonjwa haujawahi kutafutwa.

Kwa nini gari lile lile linakimbia vizuri kwenye barabara ya Nyunzu, lakini likisimama sokoni linatikisika? Hapo ndipo mengi yanaeleweka. Kwenye ralanti, kile kizibo cha hewa ambacho mafundi wanakiita papiyo kinakuwa karibu kimefungwa, na motere inapumua hewa kidogo sana. Mpira uliopasuka kidogo, ambao barabarani usingesikika hata kidogo, sasa unaingiza hewa nyingi ukilinganisha na ile kidogo inayohitajika. Esansi na hewa havilingani tena, na silinda moja au mbili zinashindwa kuwaka vizuri. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kutazama ni mipira midogo ya hewa kuzunguka motere, ambayo joto la miaka 25 au 30 limeikausha. Ikibinywa moja moja kwa pensi, motere ikibadilika sauti, mahali pamepatikana. Mafundi wengine wanamwagia esansi juu ya motere inayowaka ili wasikie inapovutwa. Mchezo huo umekwisha kuchoma magari katika miji mingi. Chupa ya maji yenye kunyunyiza kidogo, mbali na delko na waya za buji, inatosha.

Kuna mpira mmoja ambao haupaswi kuchukuliwa kama mingine: ule mnene unaotoka kwenye motere kwenda kwa serivofreni, kile kikopo kikubwa cheusi kinachosaidia mguu kufunga freni. Serivofreni inafanya kazi kwa nguvu ya kuvuta hewa inayotoka kwenye motere. Ule mpira ukipasuka, au ngozi ya ndani ya serivofreni ikichanika, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: ralanti inakuwa mbaya, na pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe. Fundi akizungusha visi, jambo la kwanza linafichika. La pili linabaki, na shofere anaondoka akidhani gari limepona.

Kalemie ni mji uliokaa kati ya vilima na ziwa. Taksi inayoshuka kutoka juu ikiwa na watu sita na mizigo yao, kuelekea barabara zilizojaa pikipiki, wamama wenye makarai kichwani na watoto wa shule, haina nafasi ya kujaribu freni mara mbili. Na kipimo hakina gharama yoyote. Motere ikiwa imezimwa, shofere anakanyaga freni mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, anaacha mguu juu yake, halafu anawasha. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, serivofreni inavuta. Isiposhuka, gari hilo lisibebe mtu siku hiyo, hata kama ralanti ni tulivu kama maji ya asubuhi.

Baada ya mipira, silinda. Motere ya silinda nne ikitikisika kwa mpigo ulio sawasawa, mara nyingi silinda moja haifanyi kazi yake. Fundi mwenye subira anaondoa moto kwa silinda moja kwa wakati, kwa pensi yenye plastiki, sekunde chache tu. Motere ikizidi kuwa mbaya, silinda hiyo ilikuwa nzima. Isipobadilika kitu, mgonjwa amepatikana. Buji ya silinda hiyo inatolewa na kusomwa: nyeusi yenye masizi kavu inaonyesha esansi nyingi kupita kiasi au moto dhaifu, yenye mafuta mabichi inaonyesha oili inaingia ndani, nyeupe sana inaonyesha hewa nyingi au joto kali. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Akihamisha buji hiyo kwenye silinda nyingine na ugonjwa ukahama nayo, ni buji. Ukibaki pale pale, atafute waya, enjekta au valvu. Hapo hakuna piyesi hata moja iliyonunuliwa bado.

Halafu kuna esansi yenyewe, na hapa wenye magari nao wana sehemu yao ya kosa. Wengi wananunua chupa moja hapa, bidoni moja pale, kwa wale wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadafi. Si wote wanachanganya, na bila wao mji ungesimama siku nyingi. Lakini bidoni iliyokaa wazi wakati wa mvua inaingiza maji, na kuna esansi iliyoongezwa petroli ya taa. Kipimo ni chupa nyeupe ya kioo: esansi iwekwe humo na iachwe kitambo bila kutikiswa. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka chini na mstari unaonekana kwa macho. Tone la esansi safi juu ya karatasi linakauka haraka bila kuacha alama. Yenye petroli ya taa inaacha doa la mafuta. Ni ajabu kwamba mtu anayenusa na kuminya ndagala kabla ya kununua hafanyi hivyo kwa kitu kinachokula nusu ya mapato yake.

Maji yana njia nyingine pia ya kuumiza. Ziwa Tanganyika lilipopanda, mwaka 2020 na tena 2024, maji yaliingia katika sehemu za chini za mji, na magari yalipita ndani yake. Kutu ya waya haionekani siku ile. Inakuja baadaye, hasa pale waya wa masi wa batri unapokutana na bodi, na ralanti inaanza kupanda na kushuka bila sababu. Brashi ya waya na dakika kumi za kusafisha zimeponya magari yaliyokuwa yamehukumiwa kubadilishiwa kompyuta.

Kuhusu kompyuta hiyo, kisingizio kinachosikika kila siku ni kwamba Kalemie hakuna valizi, ile mashine ya kusoma makosa ya gari. Kwa gari za karibuni, ni kweli mashine inasaidia. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye enjekta zina kisanduku kidogo karibu na motere, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna majina ya matundu. Kipande cha waya kikiunganisha TE1 na E1, kontakti ikiwa imefunguliwa bila kuwasha motere, taa ya motere kwenye tablo inaanza kupepesa, na mipepeso inahesabiwa ili kupata namba ya kosa. Ikipepesa sawasawa bila kukatika, kompyuta haijaona kosa lolote. Hiyo ni valizi ya bure, ilimradi fundi asome kifuniko vizuri kabla ya kuingiza waya.

Mafundi wana jibu lao, na ni jibu zito. Mteja wa Kalemie analipa piyesi, halipi akili. Fundi akitumia saa mbili kutafuta na kukuta mpira uliopasuka, mteja anauliza kwa nini atoe pesa kwa mpira wa bei ya mkate. Fundi huyo huyo akibadilisha bobini bila kutafuta, analipwa bila maneno. Kwa mpango huo, mwaminifu analala njaa. Ndiyo maana mabadiliko lazima yaanze kwa wenye taksi: pesa ya kupima ikubaliwe mbele, tofauti na pesa ya kutengeneza, na ilipwe hata kama dawa ni kipande cha mpira. Bado ni rahisi kuliko piyesi isiyo sahihi, katika mji ambapo piyesi inayokosekana inangojwa mpaka boti itoke Kigoma au lori lifike kutoka Lubumbashi.

Serikali ya jimbo nayo ina kazi. Karatasi ya kontroli tekniki haina maana kama hakuna aliyekanyaga pedali ya freni ya gari hilo. Na INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1964 kwa kufundisha watu kazi, ingefaa kuwapa vijana wa magaraji masomo mafupi ya kutafuta ugonjwa wa motere. Kufungua na kufunga visi wamekwisha kujua.

Kuna kifaa kimoja ambacho mafundi wa mtaa mmoja wangeweza kuchangia na kununua pamoja: saa ya kupima kompresyo. Inaingizwa mahali pa buji, motere inazungushwa kwa starta, na namba inasomwa. Silinda tatu zikilingana na ya nne ikiwa chini sana, valvu, segimenti au jwenti ya kilasi imekwisha, na hakuna buji wala visi itakayoponya gari hilo. Mwenye taksi hatapenda kusikia hivyo. Lakini akisikia siku ya kwanza, pesa yake ingali mfukoni, na yeye mwenyewe ndiye atakayeamua kama atafungua motere au atauza gari.