Bati la mkulima si hati ya mshahara

Na Mwende Kioko

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), mjadala umekwama kwenye mitambo na madeni: mfumo wa kompyuta umezima, hospitali zinadai pesa zao, wanasiasa wanarushiana lawama. Hayo yana uzito, ila yanatusahaulisha swali ambalo Ukambani tuliwahi kulijibu: asiye na mshahara alipe kiasi gani, na nani akiamue? Jibu letu lilikuwa kwamba alipe ada ndogo iliyo sawa kwa kila boma, kodi ibebe mengine. Naona bado ndilo jibu bora kuliko lililomo katika sheria ya 2023 iliyoianzisha SHA.

Mwaka 2016 serikali ya Gavana Kivutha Kibwana ilieneza mpango wa afya wa MakueniCare katika kaunti nzima ya Makueni, baada ya kuanza na wazee wa miaka 65 na zaidi, ambao hawakutozwa chochote. Boma lililipa shilingi 500 kwa mwaka, likatibiwa katika hospitali za kaunti, ziwe Wote au Makindu. Mwaka 2018 Kitui ikafuata chini ya Gavana Charity Ngilu kwa shilingi 1,000. Wakati huo NHIF ilimdai mtu wa jua kali 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Sheria mpya inataka asilimia 2.75 ya mapato, isipungue 300 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600 kwa mwaka, zaidi ya mara saba ya ada ya Makueni, na mwenye mshahara hukatwa kidogo kidogo ilhali mkulima anatakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Serikali ilipoona wakulima hawalipi ikabuni mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo. Maskini akopeshwe ili anunue bima ya kumkinga na madeni!

Kibaya zaidi ni namna kiwango hicho kinavyopatikana. Kwa kuwa mkulima hana hati ya mshahara, anaulizwa kuhusu nyumba yake: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, anapikia nini, maji anayatoa wapi. Majibu yanaingizwa kwenye mashine, mashine inakisia mapato. Sasa fikiria Mutomo kule Kitui au Kathonzweni kule Makueni. Huku mtu haezeki bati kwa sababu ametajirika. Anaezeka ili atege maji ya mvua, yapite kwenye mfereji hadi kwenye tangi, maana kiangazi kikifika ni hayo au ni mwendo na punda hadi mtoni. Bati lile huenda lilinunuliwa na mtoto aliye Nairobi, miaka kumi iliyopita. Pesa yenyewe huonekana ndengu zikivunwa, Januari na Februari, na mvua za Oktoba zikikosa haionekani kabisa. Hakuna swali la paa litakalokuambia hivyo.

Wapinzani wa hoja hii wana mambo mawili mazito. La kwanza, shilingi 500 haitoshi kulipia hata upasuaji mmoja. Ni kweli, na haikukusudiwa kutosha. Bajeti ya kaunti ndiyo iliyobeba gharama, ada ikawa alama ya uanachama. La pili, kadi ya kaunti iliishia mpakani: mgonjwa wa saratani aliyepelekwa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alijikuta peke yake. Hilo nalikubali bila ubishi, na ndiyo sababu mfuko wa kitaifa unahitajika. Lakini mfuko wa taifa haulazimiki kumtoza mkulima kana kwamba ana mwajiri. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika huko. Hofu ya gharama nayo si ngeni: Ngilu huyo huyo, akiwa Waziri wa Afya, alipitisha bungeni mswada wa bima kwa wote mwaka 2004, Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Miaka ishirini baadaye tunamrudishia gharama hiyo mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Serikali itasema ilitangaza mwaka 2025 kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hatua njema, ila kumpata asiyejiweza kunarudi kwenye maswali yale yale ya paa na ukuta, na anayekosa kuorodheshwa kwa alama chache anabaki na deni zima.

Wabunge na maseneta wa Kitui na Makueni, wa mrengo wowote, walete marekebisho ya sheria: ada moja kwa kila boma lisilo na mshahara, ilipwe baada ya mavuno, tofauti itoke Hazina Kuu. Wakiambiwa pesa hazitoshi kwa mkupuo, waanze na wazee wa miaka 65 na zaidi, kama Makueni ilivyoanza.