Wamama wa wodini, nani huwalipia nauli?

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho uliingia wodini kumwona mgonjwa ambaye si wa kwenu ilikuwa lini? Usinijibu, hata mimi jibu langu si zuri.

Mwaka nilioacha chuo, mathe alilazwa wiki tatu katika hospitali moja kubwa ya serikali. Wagonjwa wawili kitanda kimoja, siste mmoja anakimbizana na wodi nzima. Kila Alhamisi alikuja mama mmoja anayeuza mboga Kawangware, leso kiunoni, sabuni na tishu kwa mfuko. Hakuanza na maombi. Alimuuliza mathe, "Umekula?" Kisha, "Tuombe ama tukae tu?" Siku nyingi walikaa tu.

Tukisikia huduma ya kiroho hospitalini, akili inaruka kwa pasta mwenye kola. Yupo, na kazi yake si mchezo. Anaamshwa saa nane usiku mtu akikata roho, anaketi na familia isiyojua itatoa wapi pesa za mochari, anawaelekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii bili ikiwalemea. Lakini pasta mmoja hawezi kumaliza wodi zote. Wanaobeba kazi ni wamama wa vikundi vya kanisa, wazee Waislamu wa Makina kule Kibera ambao kwao kumzuru mgonjwa ni sunna, na watu wa Lejio ya Maria ya Wakatoliki (si kanisa la Legio Maria, usichanganye).

Hao wa Lejio wana stori ambayo sikufunzwa shuleni. Kikundi kilianzia Dublin mwaka wa 1921, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kutembelea wodi ya maskini. Mwaka wa 1936 wakamtuma huku msichana wa miaka 29, Edel Quinn, ambaye tayari alikuwa ameugua kifua kikuu. Alizunguka Afrika Mashariki akianzisha vikundi hadi akafia Nairobi mwaka wa 1944. Kaburi lake liko St Austin's, upande wa Lavington, si mbali na Kawangware. Wewe hupita hapo na matatu ukiangalia simu.

Sasa malalamiko yangu. Kutoka Laini Saba unaweza kutembea hadi Mbagathi. Kutoka Kawangware hadi Kenyatta ni nauli, kwenda na kurudi, na kwa mtu wa sukuma wiki hiyo ni faida ya siku. Kanisa linachangisha spika mpya kila mwaka, lakini bahasha ya nauli ya wanaoenda wodini huioni. Kisha Jumapili wanapigiwa makofi. Makofi hayapandi matatu.

La pili litawaudhi wengine. Si kila mwenye Biblia aingie wodini. Katika wodi hiyo hiyo nilimwona jamaa, suti kali, akimwambia kijana wa kitanda cha pili aache dawa za TB eti ameshapona. Siste alimtimua. Mimi ningetaka pasta wa hospitali awe na daftari la wanaoingia, awafunze kwanza kunyamaza, awape beji, na asiye na beji aombee watu akiwa geti.

Utaniambia hospitali haina glavu, mambo ya pasta ni anasa. Sawa, glavu kwanza. Lakini mimi siombi pesa za glavu. Naomba za spika.

Mathe alipona. Mwezi jana nilikutana na yule mama stegi ya 46, mvua imenyesha, nauli imepanda, anataka kutembea. Nikampa mia. Akakataa kwanza, akaipokea, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, wewe Alhamisi hufanyanga nini?"

Sijamjibu bado.