Umemaliza?

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mwenzangu pale hosteli, yeye kashika simu inayohesabu muda, mimi nimeshika penseli. Tulikuwa tunaiga ule mtihani wa kuongea wa IELTS, maana naomba nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja nje, na ada ya mtihani wenyewe si ya kurudiarudia. Swali alilonichagulia: elezea kazi anayofanya mtu wa familia yako. Unapewa dakika moja ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako dakika moja hadi mbili.

Nikasema, kwa Kiingereza safi tu, kwamba bibi yangu ni mkulima, analima pamba kule Kalemela, kazi ni ngumu lakini anaipenda. Nikanyamaza. Mwenzangu akaangalia simu, akaniangalia mimi.

"Umemaliza?"

Sekunde 25.

Sasa jamani, mtu aliyekulia Simiyu anamalizaje habari ya pamba kwa sekunde 25? Ungeniuliza kwa Kiswahili au Kisukuma, ungenikimbia. Ningekueleza tunavyopanda kuanzia Novemba mvua ikishika, palizi isiyoisha, bomba la dawa mgongoni, bibi anavyotukalisha chini tutenge pamba safi na fifi, mpaka ugomvi wa kila msimu kwenye mzani. Na mengi ya hayo naweza kuyasema kwa Kiingereza, hata kama si kwa madoido. Kwa hiyo sikukosa lugha. Nilikosa mazoea ya kuendelea kuongea baada ya jibu sahihi kutoka mdomoni.

Mazoea hayo tungeyapata wapi? Mwalimu anaanza neno, darasa zima tunalimalizia. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Ukiitwa peke yako unasimama, unasema neno moja, ukipatia unapigiwa makofi na kukaa. Mtihani wangu wa Kiingereza wa kidato cha nne ulikuwa wa kuandika tu. Nyumbani nako, mtoto anayemjibu mkubwa kwa maneno mengi anaitwa mjuaji. Miaka yote hiyo jibu fupi lilikuwa ndiyo adabu, halafu unakaa mbele ya mtahini anayesubiri uendelee.

Na anasubiri kwa sababu. Anapima vitu vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Ukisema sentensi tatu, unamnyima cha kupima. Hata sarufi yako nzuri haionekani.

Ile dakika ya kujiandaa wengi tunaipoteza kuandika sentensi nzima, na haitoshi hata kidogo. Siku hizi naandika maneno manne tu: mbegu, palizi, fifi, mzani. Mpangilio umeshapatikana, kwa sababu shamba lenyewe lina mpangilio, naufuata tu. Kwenye maswali mafupi nafanya hivi: najibu, natoa sababu, naongeza kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ukiulizwa kama unapenda kuamka mapema, "ndiyo" ni mlango tu. Sema kwa nini, kisha sema asubuhi moja unayoikumbuka.

Kuna watu kwenye magrupu ya WhatsApp wanasambaza majibu ya kukariri. Mimi siyataki. Sehemu ya mwisho ya mtihani maswali yanachimba mada ileile, na kama ulikariri bibi wa mtu mwingine, hapo utatafuta pa kutokea.

Najua kuna watakaosema tunahangaika bure na Kiingereza cha watu. Sawa, weka Kiingereza pembeni. Siku hizi walimu wanaoomba ajira serikalini wanafanyiwa usaili, na kigugumizi cha sentensi mbili hakichagui lugha. Nimewaona wenzangu, vichwa kweli kweli, wanawasilisha kwenye semina kwa Kiswahili na kumaliza kabla hatujakaa vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Elimu ndio tunaenda kurudisha ugonjwa huohuo darasani. Nilipokuwa TP nilijikamata: mwanafunzi kanijibu sahihi, nikasema "vizuri, kaa", nikakimbilia swali linalofuata kwa sababu kipindi ni dakika 40 na mada haijaisha. Ningemuuliza tu "kwa nini?" halafu nikafunga mdomo sekunde tano. Ni ngumu kuliko inavyosikika, darasa lenye wanafunzi 80 likiwa kimya unahisi kama umeharibu kazi. Lakini yule mtoto alikuwa na zaidi ya neno moja, na mimi ndiye niliyemkalisha.

Juzi usiku nimerudia swali la bibi. Mwenzangu akanisimamisha dakika mbili zilipofika, na nilikuwa bado sijafika kwenye mzani.